Makhanu Asiyeinamisha Kichwa

Kwa muda mrefu waumini wa kanisa dogo la mabati kule Elburgon walidhani Makhanu ana kiburi. Mchungaji aliposema, "Tuinamishe vichwa tuombe," yeye alibaki ametazama mbele, macho wazi. Hawakujua kwamba akiinama maumivu kama ya umeme yalimshuka kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, na kwamba kila mara aliogopa asingeweza kuinuka tena.

Alikuwa mbebaji katika kiwanda cha mbao tangu ujanani. Mbao mbichi, nzito kwa utomvu, alizilaza begani na kukiegemeza kichwa kushoto ili kuzipa nafasi. Hata siku ambazo hakubeba kitu alitembea hivyo, na watoto wa mtaani walimwiga. Kisha vifungo vya shati vikaanza kumshinda. Kisha kiatu kikamtoka njiani, naye akaendelea kutembea bila kujua, mpaka Immaculate, mkewe, alipokiokota nyuma yake. Siku hiyo waliogopa wote wawili, wakaamua kwenda hospitali.

Daktari wa Nakuru aliwaonyesha picha. Pingili za shingo zilikuwa zimelika, mito laini iliyo kati yake imebonyea, mifupa imeota vijipembe, na vyote vinaubana uti wa mgongo. Daktari alisema angepasua kwa mbele, kooni, atoe kilichoharibika, kisha aunge kwa bamba la chuma na skrubu. Bila upasuaji, miguu ingeendelea kufa. Kwa upasuaji, kilichokwisha kupotea huenda kisirudi, na hatari ipo, ingawa ni ndogo. Kabla ya siku ya upasuaji Makhanu asianguke, wala mtu asimguse shingo.

Makhanu alisikia neno koo tu. Miaka yote ya kazi alisimama karibu na msumeno; alijua chuma hakiulizi kinakata nini.

Nyumbani, Immaculate alimsihi wapite kanisani kwanza. Labda kisu hakitahitajika. Na Makhanu, kwa hofu, alitaka kuamini.

Jumapili hiyo wagonjwa walipanga foleni mbele, waumini wakiimba. Desturi ya pale ni mchungaji kuweka kiganja kwenye paji la uso na kusukuma, huku wanaume wawili wakisimama nyuma kumdaka anayeanguka. Asiyeanguka huonekana amekataa kupokea. Mama aliyemtangulia Makhanu alisukumwa, kichwa kikarushwa nyuma, akalazwa sakafuni akilia kwa furaha. Sasa hakukuwa na mtu mbele yake. Aliwasikia wadakaji wakisogea nyuma ya mgongo wake.

Kiganja kikainuka.

"Mchungaji," akasema, "usiniguse kichwa. Nishike mkono tu."

Wimbo ukafifia. Mdakaji mmoja akanong'ona, na kanisa zima likasikia: "Huyu mzee anaogopa kupona."

"Naogopa," Makhanu akajibu. "Naogopa sana."

Mchungaji aliushusha mkono. Kisha akaushika wa Makhanu kwa viganja vyote viwili, akaanza kuomba polepole. Makhanu alishusha macho pekee. Aliona vidole vyake vimefinywa ndani ya mikono ya mtu mwingine, vimefinywa hasa, na hakuhisi chochote.

Alipofika kwenye benchi la mkewe alisema, "Mama Jerry, twende Nakuru. Acha wanikate."

Alizinduka baada ya upasuaji akiwa na kiu, koo likiwaka, kola ngumu imemkaza. Kabla ya kufumbua macho aliitafuta miguu yake, mmoja, kisha wa pili. Ilikuwepo. Vidole bado vilikuwa vizito. Daktari alisema huenda vikarudi kiasi, huenda visirudi.

Siku hizi, asubuhi, hutembea peke yake hadi chooni nyuma ya shamba la viazi, akijishikilia kwenye ua. Amemkataza Immaculate kumshika. Naye hamshiki. Husimama mlangoni mwa nyumba amezuia pumzi, mpaka asikie mlango wa choo ukifungwa.