Mama Hakuwa Mlevi

Mama alipovimba tumbo na macho yake kugeuka manjano, mtaa wetu wa Goma ulishakata shauri: anakunywa. Ilikuwa miaka ya hamsini, naye alipika kasiksi, pombe ya ndizi, akaiuzia nyumbani. Nani angemwamini?

Nilikuwa binti yake wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitatu. Naona haya kusema, lakini nilimpeleleza. Kila asubuhi kabla ya masomo nilitia mtungi alama ya makaa pale pombe ilipofika, na nikirudi nilienda kuangalia, nikilinganisha na pesa za wanunuzi. Haikupungua ila kwa kununuliwa. Badala ya kutulia, nikazidi kuogopa. Kama si pombe, basi nini?

Baba, fundi wa mbao, alimnusa mdomo.

"Sema kweli. Ulikunywa?"

"Hata tone."

Akajivutia blanketi kwa baridi, na jua linawaka juu ya mawe meusi ya uwanjani.

Baridi hiyo haikuwa mpya. Miaka saba nyuma, alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, alitokwa na damu hadi akazimia. Tangu siku ile mwili wake haukurudi. Maziwa hayakutoka, hedhi ikakoma, nyusi zikapukutika, akawa mtu wa kuchoka tu.

Tumbo lilipomzuia hata kulala chali, tulimpeleka hospitali. Munganga mzungu, daktari wa pale, alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, infirmie, muuguzi wake, akitafsiri:

"Mama, ulipozaa mara ya mwisho, damu ilitoka nyingi? Maziwa yalikuja?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama akaanza kulia.

Munganga alieleza kwamba kitezi kidogo chini ya ubongo, kinachouamrisha mwili, kilikufa siku ile kwa kukosa damu. Mwili ukakaa miaka bila amri zake, na ini, alivyodhani yeye, likajaa mafuta, halafu likawa gumu.

"Na pombe?" Baba aliuliza.

"Hii si ya pombe."

Baba akainamisha kichwa. "Unisamehe, mama ya watoto."

Mama alimshika mkono wa shati.

Walimtoa maji tumboni, wakampa vidonge vya kila siku vya kushika nafasi ya kile kitezi. Baridi ikapungua, akaanza tena kucheka. Lakini vidonge vilitoka mbali, na kila vilipochelewa nilimwona akififia, nikakosa usingizi.

Ini halikupona. Alituacha miaka minne baadaye, wakati wa mvua, vidonge vikiwa bado tele mezani.