Sahani ya Saba

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni ile niliyopaka grisi chafu sahani mpya ya klachi ili ionekane kuukuu.

Nilikuwa fundi wa miaka ishirini na minne katika karakana moja ya Maili Moja, Kibaha. Gari nililokuwa nikitengeneza lilikuwa la kijiji kimoja cha ujamaa kule Kisarawe, na ndilo lililobeba wagonjwa wao. Difu yake, ile gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu za injini kwa matairi mawili, ilikuwa ya aina inayobana: tairi moja likianza kuzunguka bure kwenye tope, sahani saba za klachi zilizopangwa ndani yake zinabanana na kupeleka nguvu kwenye tairi la pili. Zilikuwa zimelika, hazishiki tena.

Vipuri vilikuwa adimu miaka ile. Ukichukua sahani saba mpya stoo, jioni urudishe saba kuukuu. Ikipungua moja, unaandikwa mwizi. Nilipomaliza kuosha zile kuukuu kwa petroli, nikahesabu sita. Nilitafuta chini ya benchi, nikachekecha hadi mchanga wa sakafuni. Hakuna.

Basi nikachukua mpya moja, nikaisugua sakafuni, nikaipaka grisi, nikairudisha pamoja na zile sita. Karani wa stoo alihesabu saba, akatia sahihi. Ndani ya difu, mahali pa sahani ya saba, niliweka bati nililokata kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Mzee Kondo, fundi mkuu aliyenifundisha kazi, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Zimetimia?"

"Zimetimia, mzee."

Elia, dereva wa kijiji, alikuja kuchukua gari akicheka. "Fundi, nikinasa nitakuita uje kusukuma, hilo tumbo lipungue."

"Nenda bwana. Hilo sasa linapanda hata ukuta."

Wiki ya tatu mvua ilinyesha. Gari lilinasa kwenye kilima cha udongo mwekundu, na ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tairi moja lilizunguka, la pili halikusogea. Watu walimbeba mama yule kwa machela, wakafika hospitali alasiri. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Kwenye kikao cha kijiji walisema Elia alikuwa akibeba mkaa wa magendo, ndiyo maana difu ilikufa. Nikaitwa.

"Fundi, difu ilitoka kwako nzima?"

"Nzima. Karatasi ya stoo ipo."

Elia aliniangalia. "Ndugu yangu, hebu sema vizuri. Wewe ndiye uliyeifunga."

Nikarudia kwamba karatasi ipo. Wakamnyang'anya funguo pale pale.

Gari liliporudi karakana, Mzee Kondo aliifungua difu mwenyewe. Aliweka mbele yangu bati lililokunjamana, maandishi ya kopo bado yakisomeka.

"Stoo umeiridhisha," alisema. "Sasa nenda Kisarawe ukawaambie."

Nilikwenda baada ya siku nne. Nne nzima nilikuwa naogopa tu, mwanangu, sikuwa na udhuru mwingine. Nilikuta Elia ameondoka na mkewe, na mama yake hajui walikoelekea. Nikawaeleza viongozi wa kijiji yote. Mmoja akauliza, "Sasa unatuambia ili tukufanyie nini?"

Kwa hiyo sikia. Kitu kikipotea mikononi mwako, kiseme siku hiyo hiyo, ungali unaweza kudhurika peke yako. Ukichelewa, atalipia mwingine, na msamaha utakosa wa kumwomba. Wala usijifiche nyuma ya karatasi yenye sahihi. Karatasi haipandi kilima. Mungu akujalie mikono ya kweli, na moyo usioogopa kuonekana umekosea. Mimi alinipa mikono tu.

Ile sahani kuukuu niliiona mwezi uliofuata, imenata chini ya pipa la petroli. Ninayo mpaka leo. Elia sijampata.