Kaa la Moto Kiganjani

Chausiku, muuza vitumbua wa Tandale, huokota kaa la moto kwa vidole na kulitupia jikoni upesi, bila hata kuliangalia. Asubuhi moja wanawe wawili walikuwa wakibishana juu ya katuni ya Kijapani kwenye simu.

"Mama, jamaa wa magma kamuunguza jamaa wa moto!" alisema Faraji.

"Moto unaunguaje?" alifoka Chausiku.

"Magma ni mawe yaliyoyeyuka, mama. Joto lake kali, moto wa kawaida ni mdogo."

Mdogo? Chausiku akaokota kaa, akaliweka kiganjani, akalitazama autafute huo udogo.

Alipiga yowe mpaka wateja wakaacha chai. Kisha, huku akipuliza kiganja, akawageukia wanawe kwa hasira:

"Sasa huo mkubwa ukoje?"