Mama Alipopiga Magoti Getini

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Niliingia mashimoni Rwamgasa na sululu ya kuazima. Leo nina makarasha matatu yanayosaga mawe ya dhahabu, na nyumba Ngokolo yenye vigae mpaka jikoni. Kwa hiyo nilipomwambia mama, "Nakupeleka Dodoma ukalione Bunge," nilisema kwa sauti ya kufika kwa jirani.

Hakuwahi kuniomba kitu kingine. Miaka yote anasikiliza Bunge redioni huku akimenya karanga, akicheka wanapozomeana. Alitaka tu kuona watu wale wanakaa wapi.

Tulikwenda na gari langu, mimi, yeye, mke wangu na binti zetu wawili. Safari ilikuwa tamu. Singida alinisimamisha ayatazame mawe yaliyobebana. Dodoma alikula zabibu, mbegu akazifunga kwenye pindo la kitenge akapande nyumbani. "Wakubwa wote hawa, na tunda lao ndilo hili dogo!" alisema, binti zangu hawana mbavu.

Asubuhi tukapanga foleni getini na wageni wengine. Kibali nilikuwa nacho. Nyuma yangu alisimama bwana mmoja wa suti, nikamsimulia habari za makarasha, nikamwonyesha na gari lilipoegeshwa. Alikuwa ananisikiliza vizuri kabisa. Mara akatazama mbele yangu, akatabasamu.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mlinzi, kijana wa kuwa mjukuu wake. Wanawake wa Kisukuma ndivyo wanavyomsalimu mtu wa heshima, na mama alipoona sare na vifungo vinang'aa, alijua amefika kwa mkubwa.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia.

Nilimkamata mkono nikamvuta juu. "Inuka, mama! Hapa si kijijini! Unaniaibisha mbele za watu!"

Akapepesuka. Yule mlinzi alivua kofia, akainama mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha mama. "Mwangaluka, mayu. Karibu sana." Kumbe Msukuma mwenzetu, naye akamwita mama kwa lugha yetu. Kisha akanigeukia. "Mzee, huyu ni mama yako?"

"Ndiyo," nikasema.

"Sikujua, mwanangu," mama alisema, akipangusa vumbi magotini. "Ninyi ingieni. Miguu imechoka, nitakaa kwenye gari."

Mke wangu akanong'ona, "Baba watoto, mwombe msamaha." Nami, kwa kuwa yule wa suti alikuwa bado anatazama, nikatoa funguo, nikampa binti mkubwa ampeleke bibi yake garini.

Huko ndani sikumbuki nilichokiona. Tulipotoka, binti mdogo alimsimulia bibi yake viti, mazulia, kila kitu.

"Na Spika anakaa juu?" mama aliuliza.

"Juu kabisa, bibi!"

"Enhee! Nilijua tu."

Ningeweza kusema tulale siku moja zaidi, kesho aingie. Nikawasha gari.

Rwamgasa nzima wanajua nilimpeleka mama Bungeni. Ni mimi niliyewaambia. Wageni wakija nyumbani humuuliza, "Mama, Bunge ni zuri?" Naye, bila kunitazama, huwajibu, "Zuri sana. Na Spika anakaa juu kabisa." Hapo huwa natafuta sababu ya kutoka nje.