Aliyevuta Pampu ya Serafina

Serafina wa Kwamndolwa alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu mayai bandani, alihesabu vijiti vya kiberiti, na tangu apewe ile pampu mpya ya pumu, akawa anahesabu na pumzi. Msimcheke. Mwaka juzi alibebwa kwa bodaboda hadi hospitali, amebanwa katikati ya watu wawili, midomo imegeuka rangi ya zambarau, na mwanawe Elisha alikuwa ameshaanza kupiga simu za msiba.

Pampu hiyo ilikuwa na dawa mbili ndani ya kikopo kimoja: moja ya kufungua njia ya hewa, nyingine ya kutuliza uvimbe huko ndani. Nesi Glory wa kliniki alimwelekeza taratibu. Avute mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, awe amebanwa au hajabanwa. Akimaliza asukutue mdomo na kutema maji, la sivyo ulimi utaota utando mweupe. Nyuma ya pampu palikuwa na kidirisha cha namba. Kilianza na mia moja na ishirini, ndiyo siku thelathini. Ikiisha kabla ya siku ya kliniki, basi tena, maana madukani dawa ile ilikuwa ya kuwinda.

Siku ya kumi jioni kidirisha kilipaswa kusoma themanini. Kilisoma sitini na sita. Serafina akakifuta kwa kanga, akatazama tena. Sitini na sita vilevile. Kuna mtu humu ndani alikuwa anamwibia uhai.

Na humo ndani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Yordani, na mkamwana wao Upendo, aliyeolewa kutoka Handeni na kubaki hapo wakati Elisha yuko safarini na lori. Yordani hakufikiriwa hata dakika moja. Tangu lini? Mzee huyo ndiye aliyekuwa akiicheka pampu mbele ya wageni.

"Mama Elisha, ukishazoea hicho kikopo, mapafu yanasahau kazi," alikuwa akisema. "Mimi nimechoma mkaa Handeni miaka ishirini na nane. Moshi nimekula kuliko ugali. Umewahi kuniona navuta kikopo?"

Basi mwizi ni Upendo. Si ndiye anayefagia chumba? Tena yule binti alikuwa na adabu mno, shikamoo asubuhi, pole mama mchana, na Serafina alijua kwamba adabu ikizidi ina jambo. Akaificha pampu kwenye ndoo ya unga. Ikapungua. Akaihamishia chini ya godoro, upande wa ukutani, mahali ambapo mkamwana hathubutu kupeleka mkono. Ikazidi kupungua. Hapo mtu mwingine angeshtuka akafikiri upya. Serafina alichoona ni kwamba binti ni hodari wa kuiba kuliko alivyodhani.

Siku moja, jirani yao Rhoda akiwa amekuja kuomba moto, uzalendo ukamshinda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Serafina alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Upendo akaacha kuosha vyombo. "Mama, unanisema mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Haki ya Mungu, mama, hiyo dawa hata kuishika naogopa."

"Ee, mwizi gani aliwahi kukubali?"

Upendo alilia, akafunga nguo zake, akapanda basi la Handeni kurudi kwa wazazi wake. Jioni Elisha alipiga simu. Hakumwamkia mama yake.

Siku ya ishirini na moja, Yordani akasukuma sahani pembeni. "Chakula gani hiki? Kinaunguza mdomo."

Serafina alikuwa amechoka, amenuna, na mwiko bado uko mkononi. "Sijatia hata pilipili. Hebu fungua mdomo niuone huo moto!"

Yordani akaufungua, kwa mazoea tu. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, mabaka mabaka, hadi kooni.

Serafina akakaa chini.

"Husukutui," alisema.

Yordani akafunga mdomo. Akaangalia mlango, akaangalia sahani. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Tangu lini unabanwa, Baba Elisha?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Nikipanda kile kilima cha shambani nasimama mara nne. Watu wakipita, najifanya nafunga kamba za viatu."

"Na wewe ni mtu wa ndala! Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekucheka miaka mingapi? Ningeanzia wapi?"

Serafina alitaka kumpiga na ule mwiko, na alitaka kulia, vyote kwa pamoja. Akaitoa pampu. Kidirisha kilisoma kumi, na siku za kungoja zilikuwa tisa.

"Kesho tunakwenda kwa Glory wote wawili, ukapimwe hicho kifua. Na usiniambie watu watasema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kwanza simu. Piga Handeni, sasa hivi, nami nisikie."

Yordani akapiga, akaweka sauti ya wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ile pampu ya mama yako..." Akanyamaza kutafuta hewa. Kifua kilitoa mluzi. "Aliyekuwa anaivuta..." Akakwama tena, mkono umeng'ang'ania meza.

"Baba? Baba, unaumwa?" Sauti ya Upendo ilikuwa imejaa hofu. "Usiongee, kaa wima kwanza. Mama yuko hapo? Mwambie akupe pampu yake uvute. Mwambie nakuombea mimi, asikatae."