Siku ya Kumi na Moja, Saa Kumi Jioni

Baba mdogo, mume wa mdogo wake mama, alipanga ratiba za mabasi kwa miaka thelathini na mmoja. Tulimwita Ratiba, kwanza kwa kumteta, baadaye mbele yake, naye akalipenda jina. Kazini kwao kosa kubwa halikuwa kuchelewa. Lilikuwa kuwahi, maana basi likipita kituoni kabla ya saa yake linaacha watu waliokata tiketi. Dereva aliyechelewa alimsamehe. Aliyewahi alimwita mwizi.

Alipostaafu alinunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akamwita seremala alitie kitanda, meza ya kukunja na mahali pa jiko la gesi. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, alilishonea mapazia ya maua.

"Tutakuwa tunakwenda tu," aliniambia. "Tukipapenda mahali, tunalala hapo hapo."

Masikini wa watu! Mumewe alikwisha kujaza daftari zima: siku ishirini na nne, kila kituo na saa ya kufika, hadi saa ya chai. Sisi tuliandikwa siku ya kumi na moja, saa kumi jioni. Siku ya tatu walipita penye ziwa, mama mdogo akaomba washuke kidogo. Jibu alilopewa ni, "Dakika hizo nizitoe wapi?" Alinipigia simu kunisimulia huku akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha.

Mama alikuwa mgonjwa muda mrefu. Siku ya tisa ya safari yao, asubuhi, nesi alinivuta kando akaniambia wa kuitwa waitwe. Nikapiga simu ya mama mdogo. Walikuwa wameegesha mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu, kwa kuwa daftari lilisema siku ya tisa na ya kumi ni za mapumziko. Akapokea Ratiba.

"Baba mdogo, njooni leo. Mama anamwulizia mdogo wake."

"Keshokutwa tuko hapo, mwanangu. Saa kumi."

"Nesi anasema hafiki keshokutwa."

"Manesi hao kazi yao kutisha watu. Tukianza kupangua leo, safari nzima imeharibika."

Nyuma yake nilimsikia mama mdogo akiuliza ni nani. "Wanatusalimia," akamjibu, kisha akakata. Nilipopiga tena, simu zote mbili zilikuwa zimezimwa.

Mama aliuliza, "Wanakuja?" Niliona aibu kumwambia kwamba shemeji yake anapumzika. Nikasema gari limewaharibikia, na haijulikani litatengenea lini.

"Wape pole," alisema. "Waambie wasijisumbue."

Alifariki kesho yake mchana.

Siku ya kumi na moja, saa kumi kamili, gari la mikate liliingia na mapazia yake ya maua. Ua ulikuwa umejaa viti na watu. Mama mdogo aliteremka na kitenge alichomshonea dada yake, akaona viti, akasimama. Sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nilimweleza mbele ya watu wote: simu niliyopiga, aliyepokea, uongo niliomwambia mama, pole aliyoituma na kwamba wasijisumbue. Nilitaka mumewe aumbuke, na nilitaka na yeye aumie.

Ratiba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mmesikia?" aliwaambia watu. "Mwenyewe alisema tusijisumbue."

Mimi ndiye niliyempa neno hilo. Mama mdogo hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ungemwambia niko njiani," alisema. "Dada angeningoja."

Na namjua mama. Angemngoja.