Nusu ya Kichwa Aliyoiacha Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Mkono Mwepesi. Wateja wake huondoka wakijipapasa kisogo kwa raha. Basi siku aliyorudi kazini baada ya kiharusi, mteja wa kwanza, mwalimu mmoja mpole, alinyolewa upande mmoja tu. Kulia kweupe, kushoto msitu. Mume wangu akakung'uta shuka, akasema tayari. Mwalimu akacheka, akidhani anataniwa.

Mimi sikucheka. Nyumbani alikuwa anakula chakula cha upande wa kulia wa sahani, kisha analalamika kwamba nampunja. Nikawa namjia juu, mtu mzima anachezea chakula! Nilidhani ni deko la mgonjwa.

Daktari, mama mwenye subira ambayo mimi sikujaliwa, alinieleza kwa kutumia kichwa changu mwenyewe. Alisema ubongo umefunikwa na ganda jembamba lenye mikunjo mingi, na kila sehemu ya ganda hilo ina kazi zake. Akanigusa kisogoni: hapa tunaona. Kando ya sikio: hapa tunasikia. Kwenye paji la uso: hapa tunapanga mambo na kujizuia hasira. Nikajua hapo pangu pana kasoro. Kisha akaweka kidole juu kidogo, nyuma ya sikio la kulia. Mume wangu alikosa damu hapo, na hapo ndipo panapofuatilia mambo ya upande wa kushoto. Macho yake ni mazima, ila kwake kushoto hakupo, na mtu hatafuti kitu asichojua kama kipo.

Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Mwenyewe alikataa katakata kwamba ana tatizo. Alisema watu wana fitina, wanataka kumharibia kazi. Kwa ubishi ule angekuja kumkata mtu sikio, na hapo ndiyo basi tena ukinyozi. Bila kazi yake, namjua huyu, angekauka angali hai. Nilimweleza nikachoka, nikawa natwanga maji kwenye kinu.

Siku moja nikaenda kukaa kwenye kiti cha wateja, nikavua kitambaa kichwani, nikamwambia aninyoe. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamjibu labda, wewe nyoa tu.

Alininyoa vizuri, haki ya Mungu, mkono ni uleule. Kisha akazima mashine.

"Tayari, mama watoto."

Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaupitisha taratibu pale palipo laini, nikauvusha utosi, nikaushusha kushoto. Vidole vikazama kwenye nywele. Akavirudisha kulia, akavipeleka tena kushoto mwenyewe. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Wateja wangu nawaacha hivi?"

"Ndiyo, baba."

Akalia, na mimi nikalia, kwa maana sikuwahi kumwona mtu yule akiogopa. Tulipotulia aliwasha mashine, akaniomba nimshike mkono nimwongoze. Nusu iliyobaki tuliinyoa wote wawili, yeye ameshika mashine, mimi nimeshika kifundo cha mkono wake, nikimwambia bado, bado, sogea.

Kesho yake jirani alinikuta sokoni na kipara changu, akaniuliza kwa huruma naumwa nini.

"Siumwi," nikamwambia. "Mume wangu ameanza kujifunza kazi."